Mary Tudor, 1514–1515: Namna Binti Mfalme Alivyoilipia Ndoa Aliyoitaka

Mary Tudor wa kisa hiki ni dada mdogo wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, si yule Mary binti wa Henry aliyekuja kutawala baadaye. Kati ya mwisho wa Julai 1514 na Februari 1515 alimkana mchumba mmoja, akaolewa na mfalme wa Ufaransa, akawa mjane, kisha akaolewa kwa siri na Charles Brandon, swahiba wa kaka yake. Alikuwa na miaka 18 tu.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama mapenzi yaliyoishinda siasa. Anayefuata tarehe, mikataba na barua ataona kwamba Mary hakuikataa siasa hata mara moja. Aliitumikia kwanza, akadai ujira wake, ujira ulipoelekea kupotea akauchukua mwenyewe, na mwishowe akaulipia kwa fedha. Ndiyo maana yeye alifaulu pale ambapo wanawake wengi wa ukoo wake, waliopenda kama yeye, walifilisika au kufungwa.

Mchumba aliyecheleweshwa

Mwenyewe Mary alianza kuitwa "Binti Mfalme wa Castile" akiwa mtoto. Desemba 17, 1508, katika jumba la Richmond, aliozwa kwa wakili kwa Charles wa Castile (ufalme wa Hispania), mjukuu wa Maximilian wa Ujerumani na wa Ferdinand wa Aragon. Bibi harusi alikuwa na miaka 12, bwana harusi 8. Sheria ya Kanisa wakati huo iliweka umri wa kuoa kuwa miaka 14 kwa mvulana na 12 kwa msichana, kwa hiyo Charles hakuwa amefungika kikamilifu. Mkataba ulisubiri akue.

Alitimiza miaka 14 Februari 1514, na harusi ilipangwa ifanyike Calais kabla ya Mei 15 mwaka huo. Haikufanyika. Mwezi Machi Ferdinand na Maximilian walipatana na Ufaransa bila kumshirikisha Henry, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amepigana upande wao na kuteka mji wa Tournai. Visingizio vikaanza kuletwa kutoka upande wa Charles, mara afya ya kijana, mara maneno ya washauri wasiokubaliana. Henry alielewa maana yake. Julai 30, huko Wanstead, Mary alisimama mbele ya mashahidi na kuukana uchumba huo rasmi.

Kosa la upande wa Charles lilikuwa kudhani kwamba msichana mwenye thamani kama hiyo angekaa sokoni akiwasubiri. Siku nane baadaye mkataba wa ndoa nyingine ulikuwa umetiwa saini.

Alichonunua Louis, alichouza Henry

Louis XII wa Ufaransa alikuwa na miaka 52, mgonjwa, na mjane tangu Januari 9, 1514. Alikuwa na mabinti wawili na hakuwa na mtoto wa kiume. Mila ya Ufaransa haikumruhusu mwanamke kurithi kiti, hivyo mrithi alikuwa François, binamu wa mbali aliyemwoa Claude, binti mkubwa wa mfalme, mwezi Mei mwaka uleule. Louis alitaka mtoto wa kiume haraka. Henry alitaka amani yenye faida na kisasi kwa washirika waliomsaliti. Mkataba wa Agosti 7 ulimpa kila mmoja haja yake: Louis angemlipa Henry krauni za dhahabu milioni moja kwa mafungu katika muda wa miaka kumi, na Mary angeingia na mali ya harusi ya krauni 400,000, sehemu kubwa ikihesabiwa kwa vito, vyombo na mavazi.

Katika ndoa hizi mali hutoka kwa ukoo wa bibi harusi. Upande wa mume, kwa malipo yake, huweka dhamana ya pato la ujane, yaani mapato ya ardhi ambayo mke atayapokea kila mwaka maisha yake yote iwapo mume atatangulia kufa. Kwa mume wa miaka 52 asiyejiweza na mke wa miaka 18, kifungu hiki ndicho kilichokuwa na uzito kuliko vyote. Mary aliingia kwenye ndoa ile akiwa karibu na uhakika kwamba atakuwa mjane, mwenye pato lake mwenyewe litokalo nchi ya kigeni, ambalo kaka yake hawezi kulikata.

Agosti 13, huko Greenwich, ndoa ilifungwa kwa wakili. Mtawala wa Longueville, Mfaransa aliyekamatwa vitani mwaka 1513 na aliyekuwa bado mateka, ndiye aliyesimama badala ya Louis. Baada ya viapo Mary alilala kitandani mbele ya wakuu wa baraza, Longueville akavua soksi ya mguu mmoja na kumgusa kwa mguu mtupu. Kitendo kinaonekana cha ajabu leo, lakini kilikuwa na kazi ya kisheria: ndoa iliyohesabiwa kuwa imetimizwa ilikuwa ngumu kuvunjwa kuliko ile ya viapo peke yake, na baada ya yaliyotokea kwa Charles hakuna aliyetaka mwanya.

Ahadi ya kando ya maji

Kabla ya kupanda meli huko Dover mwanzoni mwa Oktoba, Mary alimwekea Henry sharti. Yeye atakwenda kuolewa na mzee mgonjwa kwa ajili ya amani na mambo ya kaka yake, na akifiwa, safari ya pili atachagua mume mwenyewe. Tunalijua sharti hili kwa sababu yeye mwenyewe alilirudia katika barua zake za mwaka 1515, akimkumbusha Henry kuwa alimwahidi hivyo ufukweni. Katika barua hizohizo anasema Henry alijua kabisa moyo wake ulikuwa kwa nani.

Ahadi ilikuwa na udhaifu wa wazi. Haikuandikwa, wala hakuna shahidi aliyewahi kutajwa, na aliyeitoa alikuwa mfalme anayefaidika akiisahau. Henry aliitoa kwa sababu ilikuwa rahisi kuitoa: alimhitaji dada yake aende bila vurugu, na mjane kijana angekuwa bidhaa mpya ya kuozwa kwa mtu mwingine. Hata hivyo, Mary alikuwa amepata kitu. Tangu siku ile angeweza kuita kitendo chake utekelezaji wa neno la mfalme, wala si uasi dhidi yake.

Safari ilikumbwa na dhoruba, meli yake ikapanda mchanga karibu na Boulogne na mmoja wa wafuasi wake akambeba hadi nchi kavu. Harusi ilifanyika Abbeville Oktoba 9. Kesho yake Louis aliwaondoa wahudumu wake wengi Waingereza, akiwamo Bi Guildford, mama mlezi wake. Oktoba 12 Mary aliwaandikia Henry na Thomas Wolsey, Askofu Mkuu wa York, akilalamika kwa uchungu. Hasara haikuwa ya upweke tu. Malkia mgeni asiye na watu wake hana wa kumletea habari wala wa kumbebea barua kwa siri, na miezi mitatu baadaye upungufu huo ungemgharimu.

Alitawazwa malkia huko Saint-Denis Novemba 5. Brandon alikuja Ufaransa kwa mashindano ya farasi na mikuki ya kusherehekea, akapigana vizuri, akajulikana kwa François. Louis akafa Januari 1, 1515, siku 84 baada ya harusi.

Eda ya Cluny

Kuanzia hapo kisa chote kinabanwa ndani ya wiki chache na nyumba moja. Malkia mjane wa Ufaransa alivaa nyeupe na kukaa eda ya siku 40 katika Hôtel de Cluny, Paris, madirisha yamefunikwa, mwanga ukiwa wa mishumaa. Sababu kubwa ilikuwa tumbo lake. Kama angekuwa na mimba na akazaa mtoto wa kiume, François angekosa kiti. Aliangaliwa kwa karibu mpaka ilipothibitika hana mimba, na François akatawazwa Reims Januari 25.

Kila mtu mwenye nguvu alikuwa na matumizi ya Mary. Henry angeweza kumtoa tena kwa mfalme au mwana wa mfalme. Hata Charles wa Castile, sasa akiwa ametangazwa kufikia umri wa kujitawala, alikuwa anaweza kurudi mezani. Hilo ndilo lililomtisha François: Mary mikononi mwa Charles lingekuwa pigo kwa Ufaransa, na pato lake la ujane lingetoka hazina ya Ufaransa kwenda kwa adui. François alimtembelea mara kwa mara, akamsogezea habari za wachumba wa upande wake, na kwa maneno ya Mary mwenyewe alimbughudhi kwa mambo yasiyomstahi. Wakaja pia watawa wawili waliomwambia asithubutu kumfikiria Brandon, kwa kuwa yeye na Wolsey hufanya mambo na shetani.

Mary akafanya jambo la hatari: alimwambia François ukweli kwamba anampenda Brandon. Katika maisha ya ikulu, siri kama hiyo ni silaha unayomkabidhi mwingine. Lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Brandon hakuwa wa damu ya kifalme. Baba yake alikuwa mbeba bendera wa Henry VII aliyeuawa katika vita vya Bosworth mwaka 1485, na yeye alipewa cheo cha Mtawala wa Suffolk Februari 1, 1514, mwaka mmoja tu kabla. Mary akiolewa na mtu wa aina hiyo, anatoka kabisa kwenye soko la ndoa za wafalme, na François analala usingizi. Ghafla mfalme wa Ufaransa akawa mtetezi wa mapenzi yao, na akaahidi kumwandikia Henry kuwaombea.

Henry naye alimtuma Brandon huyohuyo, pamoja na Richard Wingfield na Nicholas West, kwenda kudai pato la ujane na vito na kumrudisha Mary. Uteuzi huo umewashangaza wengi. Brandon alikuwa anafahamiana na François, na Henry alimwamini kuliko wote. Lakini kabla ya kuondoka, huko Eltham, alimwapisha kwamba hatamwoa Mary akiwa Ufaransa. Kiapo hicho kinaonyesha kwamba Henry alijua vizuri moto uko wapi, na akadhani neno la mtu lingetosha kuuzima.

Wajumbe walikutana na François, naye akamwambia Brandon waziwazi kwamba anajua amekuja kumwoa malkia. Brandon alipofika Cluny alimkuta Mary akilia. Baadaye aliandika kwamba hajapata kuona mwanamke akilia namna ile. Mary alimwekea sharti lenye muda: amwoe sasa, la sivyo asitarajie nafasi nyingine. Hofu yake ilikuwa hii. Akirudi Uingereza bila mume, baraza la mfalme lingemshawishi Henry aisahau ahadi na kumpeleka Flanders kwa Charles. Nafasi yake ilikuwa siku hizi chache tu ambazo hakuwa tena mke wa mtu Ufaransa na hakuwa bado chini ya mkono wa kaka yake.

Walioana katikati ya Februari katika kanisa dogo la Cluny, mbele ya watu wapatao kumi.

Kwa nini haikuweza kutenguliwa

Sheria ya Kanisa ya wakati ule, kabla ya mageuzi ya Mtaguso wa Trent mwaka 1563, ilitambua ndoa kwa kutamka ridhaa tu: mwanamume na mwanamke walio huru wakisema kwa maneno ya wakati uliopo kwamba wanachukuana, wameoana. Ruhusa ya ndugu haikuwa sharti la uhalali. Tendo la ndoa liliongeza fundo. Henry angeweza kumwadhibu Brandon, hata kumwua, lakini hakuwa na njia nyepesi ya kusema ndoa haipo.

Upande wa adhabu ulikuwa wa kutisha zaidi. Wakuu wengi wa baraza walimchukia Brandon kwa kupanda haraka na walitaka kichwa chake. Sheria ya bunge iliyofanya kuoa dada wa mfalme bila kibali kuwa uhaini ilitungwa baadaye, mwaka 1536. Kosa la Brandon mwaka 1515 lilikuwa kuvunja kiapo alichomwapia mfalme wake, na kwa wenye chuki hilo lilitosha.

Hapo Brandon karibu aharibu kila kitu. Kwanza alinyamaza, huku fununu zikienea Paris. Machi 5 akamwandikia Wolsey na kukiri kwamba amemwoa na amelala naye, na anaogopa amepata mimba. Barua hiyo ilikuwa ya mtu aliyeshikwa, akiomba huruma bila kuwa na cha kutoa. Wolsey alimjibu kwamba mfalme ameghadhibika, hasa kwa kiapo kilichovunjwa, na njia pekee iliyobaki ni fedha.

Mary alikuwa na akili ya mambo kuliko mumewe. Alimwandikia Henry na kujitwika lawama: yeye ndiye aliyemlazimisha Brandon kuchagua. Akamkumbusha ahadi ya ufukweni na kwamba alikubali kuolewa na Louis, mzee na mgonjwa, kwa ajili yake. Akatishia kwamba akikatazwa ataingia nyumba ya watawa, mahali ambapo si Henry wala mtu mwingine atapata faida yoyote kwake. Kisha akatoa vitu. Akampelekea Henry Kioo cha Naples, almasi kubwa yenye lulu ya umbo la pea ambayo Louis alimpa kama zawadi ya harusi. François alidai kito hicho ni mali ya taji la Ufaransa na akadai kirudishwe. Henry hakukirudisha. Kito kimoja kilichochaguliwa kwa ustadi kilimfanya Henry kuwa mshirika katika jambo lililomkasirisha François, na bila shaka kilipunguza hasira yake kuliko kurasa nyingi za maombi.

Inafaa pia kukumbuka habari iliyokuwa mbichi masikioni mwa kila mtu. Dada yao mkubwa, Margaret, mjane wa James IV wa Scotland, alikuwa ameolewa kwa hiari yake na Earl wa Angus Agosti 1514, mwezi uleule Mary anaozwa kwa Louis. Kwa ndoa hiyo Margaret alipoteza haki ya kutawala kwa niaba ya mwanawe, kwa kuwa wosia wa mumewe ulimpa madaraka hayo akiwa mjane tu. Mary hakuwa na mtoto wala utawala wa kunyang'anywa. Alichokuwa nacho ni fedha, na fedha hugawanywa.

Bei yenyewe

Makubaliano yalifikiwa Mei 1515. Mary alijifunga kulipa pauni 24,000 kwa mafungu ya pauni 1,000 kila mwaka, akarudisha mali yote ya harusi pamoja na vyombo na vito alivyopewa na Louis, na Brandon akaachia ulezi wa Elizabeth Grey, mtoto tajiri aliyekuwa ameposwa kwake na ambaye kwa jina lake alipata cheo cha Lisle mwaka 1513. Mei 13 wakaoana upya hadharani huko Greenwich, Henry akiwepo.

Ndoa hii ya hadharani haikuwa mapambo. Ilimweka mfalme mwenyewe kuwa shahidi wa kile ambacho watu wa Cluny pekee walikiona, na kumfunga mdomo asije akasema baadaye kwamba hakukubali.

Mzigo wa deni ulikuwa na udhaifu wake: chanzo kikuu cha Mary cha kulipia kilikuwa pato la ujane kutoka Ufaransa. Amani ikiwapo, fedha zilikuja, na Brandon akawa na kila sababu ya kuwa mtetezi wa urafiki na Ufaransa. Vita vilipozuka mwaka 1522, pato lilikatika na deni likabaki. Maisha yao ya Westhorpe, Suffolk, yalikuwa ya heshima lakini yalining'inia kwenye uhusiano wa wafalme wawili. Hata baada ya ndoa ya moyo, watu waliendelea kumwita Malkia wa Ufaransa hadi alipofariki Juni 25, 1533, na cheo hicho ndicho kilicholisha nyumba.

Ufa uliokuwa umebaki

Katika ujana wake Brandon alimposa Anne Browne, akamwacha, akamwoa shangazi wa Anne aliyekuwa mjane tajiri, Margaret Mortimer, akauza ardhi ya mama huyo, akaivunja ndoa kwa hoja ya udugu, kisha akarudi kumwoa Anne. Anne alikwisha kufa kabla ya mwaka 1515. Margaret Mortimer alikuwa hai. Kama kuvunjwa kwa ndoa yake kungepingwa, Mary angehesabika mke wa mume wa mtu, na watoto wake wangekuwa wa nje ya ndoa, nao walikuwa karibu na kiti cha Uingereza.

Mwaka 1528 Brandon alipata hati ya Papa Clement VII iliyothibitisha kwamba ndoa ya Mortimer ilikuwa batili. Ni hatua ambayo wasimuliaji wengi huiruka, na ndiyo iliyolinda haki ya mabinti wa Mary, Frances na Eleanor. Wosia wa Henry VIII uliwaweka watoto wao kwenye mstari wa urithi, na kwa mstari huo Jane Grey, binti wa Frances, alitangazwa malkia Julai 1553.

Mdogo wake Jane, Katherine Grey, anaonyesha ndoa kama ile ya Cluny inavyokuwa bila ulinzi wa aina hii. Desemba 1560 aliolewa kwa siri na Edward Seymour bila kibali cha Malkia Elizabeth I. Shahidi alikuwa mmoja, dada wa bwana harusi, naye akafa mwaka 1561. Padri aliyewafungisha hakupatikana. Hapakuwa na mfalme wa nje wa kuwaombea wala sherehe ya pili ya hadharani. Katherine alifungwa Mnara wa London akiwa mjamzito, tume ikatamka mwaka 1562 kwamba hakuna ndoa, wanawe wakahesabiwa wa nje ya ndoa, na yeye akabaki kizuizini mpaka alipofariki Januari 1568.